Hesabu ya Baudilio

Barabara iliisha kabla ya ramani.
Baudilio Oyarzo aligeuza pua ya gari ielekee upepo,
ndipo akaturuhusu kushuka;
kwani huku, ukikosea upande, mlango si wako tena,
unaondoka na bawaba zake.

Nilikuja kuona kondori.
Nilivuka bahari mbili kwa ajili ya mabawa yale.
Asubuhi ile ya Novemba kondori hakuwapo.
Palikuwa na guanako wanne kilimani,
shingo zimesimama kama watu walioitwa majina;
mbweha wa kijivu aliyetupita bila salamu;
na uzio, maili na maili,
sufu ya kondoo kwenye kila mwiba wa waya.

Nolfa alimimina maji moto kwenye kibuyu kidogo,
akanipa mrija wa bati. "Mate," akasema.
Nikacheka. Wakanitazama.
Nikawaeleza maana yake kwetu, nikigusa mdomo.
Nolfa alicheka hadi akaushika mlango wa gari.
"Basi neno ni lilelile," akasema.
"Mrija mmoja, vinywa vitatu."

Tulitambaa kwa matumbo hadi ukingo wa kinamasi.
Nyasi za huko hazilali, zimelazwa.
Bata bukini walikuwa mia labda,
wakichuna majani mbiombio
kama vibarua wanaolipwa kwa kilo.
"Hao waache," Baudilio alinong'ona.
"Tafuta mdogo. Kichwa rangi ya kutu.
Tafuta pete nyeupe kwenye jicho."

Nikatafuta. Machozi ya baridi yalijaa kwenye darubini.
Kila jike aliinua kichwa cha kutu,
kila jike alinidanganya,
mpaka mmoja akageuka,
na jicho lake lina duara jembamba,
kama limezungushwa kwa chaki
na mtoto mwenye mkono mtulivu.
"Mmoja," akasema Baudilio.
Akaandika kwa penseli; wino hugoma huku.

Alipokuwa na miaka tisa, akasimulia,
jicho bado kwenye lenzi,
mwenye shamba alilipa kwa kila yai lililovunjwa.
Bukini, walisema, humaliza malisho ya kondoo.
Watoto walitoka na ndoo na fimbo.
Jioni maganda yakahesabiwa mezani pa karani.
"Nilikuwa hodari wa hesabu.
Baiskeli yangu ya kwanza
ilikuwa mayai mia tatu na arobaini."
Hakusema anajuta. Hakuna aliyemuuliza.
Nolfa alisafisha mrija kwa ncha ya leso,
na yeye akaendelea, "Wawili.
Watatu, yule nyuma ya jiwe."

Mvua ilikuja ya ubavu,
ikatukuta tumefika kumi.
Ni mimi niliyemwona wa kumi na moja,
chini ya kichaka cha kalafate,
amejibana, shingo imenyooka juu ya tope,
vile anavyokaa jike asiyetaka kuonekana
kwa kuwa ana kitu chini yake.
Nikainua kidole.
Baudilio akakishusha polepole,
kwa kiganja chenye makovu ya waya.
"Nimemwona tangu tulipofika," akasema.
"Huyo hatumwandiki."

Daftari huenda mjini.
Mjini husomwa na watu wema,
na watu wema huja, wana magari, wana kamera,
wana viatu.

Tulirudi kinyumenyume kama kaa, tumelowa hadi mifupa.
Garini Nolfa alinigusa bega, akaonyesha juu:
kondori, peke yake, hapigi bawa hata moja.
Nilimtazama. Alikuwa mkubwa.
Kisha nikageuka kioo cha nyuma,
kutafuta kichaka ambacho tayari
kilifanana na vichaka vingine vyote.

Ukurasa wa siku ile unasema kumi.
Ukiufikia, uamini ukurasa.